AFYA NYUMBANI: Vidonda Vinavyorudi, Dawa Ipi Inafaa?

Mwezi huu safu yetu inagusa jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini tu: vile vipele vya majimaji vinavyotoka sehemu za siri, vinapasuka, vinakuwa vidonda, vinapona, halafu baada ya wiki au miezi vinarudi. Ugonjwa huo unaitwa herpesi. Kwa mtu mwenye virusi vya ukimwi (sida) vinarudi mara nyingi zaidi na vinachelewa kupona, kwa sababu kinga ya mwili imeshuka.

Wengine wanasema ni kurogwa. Wengine wanagombana, kila mmoja anauliza nani kaleta ugonjwa nyumbani. Lakini mtu anaweza kukaa na virusi hivi miaka mingi bila dalili yoyote. Vidonda vya leo si ushahidi kwamba mwenzako katoka nje jana.

Tujue kwanza kwamba hakuna dawa inayoimaliza herpesi kabisa, maana virusi vyake vinajificha kwenye mishipa ya fahamu. Dawa zinasaidia vidonda vipone upesi au visirudi ovyo. Ziko tatu:

1. Asikloviri. Ni ya zamani, ya bei nafuu, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mwenye virusi vya ukimwi, kawaida ni miligramu 400 mara 3 kwa siku, kwa siku 5 hadi 10. Shida yake ni hiyo mara 3, kusahau ni rahisi.

2. Valasikloviri. Ikiingia mwilini inageuka kuwa asikloviri ileile, ila inaingia kwenye damu vizuri zaidi. Unameza mara 2 kwa siku. Bei iko juu.

3. Famsikloviri. Nayo ni mara 2 kwa siku, na bei yake pia iko juu.

Sasa ipi bora? Famsikloviri na asikloviri zilipolinganishwa kwa watu wenye virusi vya ukimwi, vidonda vilipona kwa muda unaokaribiana. Kwa hiyo usiuze chakula cha watoto ili ukanunue dawa ya bei kubwa kwenye famasi ya Kigali. Kinachosaidia sana ni kuanza mapema, siku ileile unaposikia mwasho au ngozi kuchomachoma.

Kuna watu wanaoviringa mambo, eti ukimeza asikloviri huwezi kumwambukiza mwenzako ukimwi. Jambo hili lilipimwa, na Kigali ilikuwa mojawapo ya vituo 14 vya utafiti huo katika nchi 7 za Afrika. Kati ya 2004 na 2008 walifuatiliwa wenzi 3,408, mmoja ana virusi vya ukimwi pamoja na herpesi, mwingine hana ukimwi. Wenye virusi walikuwa hawajaanza ARV. Nusu walipewa asikloviri miligramu 400 mara 2 kwa siku, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka 2010: kwa waliopewa asikloviri vidonda vilipungua kwa asilimia 73, lakini maambukizi ya ukimwi hayakupungua.

Maana yake ni kwamba asikloviri ni ya vidonda, na ARV ndiyo ya ukimwi. Rwanda tangu 2016 kila anayekutwa na virusi huanzishiwa ARV. Anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake ukimwi kwa tendo la ndoa. Herpesi lakini bado inaweza kupita hata kama kidonda hakionekani. Kondomu inapunguza hatari, na vidonda vikiwepo, pumzikeni.

Miezi ya kwanza ya ARV vidonda vinaweza hata kuongezeka, kwa kuwa kinga inaamka. Usiseme "dawa hizi zinaniua" ukaziacha. Rudi kituo cha afya.

Mambo ya kushika:
- Usigawane vidonge na jirani. Mwenye mkanda wa jeshi (zona) anapewa asikloviri nyingi zaidi kuliko wa herpesi.
- Kunywa maji ya kutosha, na mwambie nesi kama una ugonjwa wa figo.
- Mama mjamzito, mwambie mkunga mapema. Vidonda wakati wa uchungu vinaweza kumwambukiza mtoto, na herpesi ya mtoto mchanga inaua.
- Kidonda kikipita mwezi bila kupona, usiongeze vidonge mwenyewe. Huenda kinga imeshuka sana au virusi vimezoea dawa. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Wazazi, aibu haijaponya kidonda cha mtu. Anayeficha anachelewa, na anayechelewa anaumia zaidi. Nesi ameshaona vingi, hatakushangaa.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu wa kujitolea