Vituo Vilivyosahauliwa Ufukoni mwa Mweru

Ndugu askari, wilayani Nchelenge honi ya garimoshi haijapata kusikika. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 na iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilipita Mpika na Kasama, ikaiacha Luapula mbali upande wa magharibi. Kwa hiyo mtu akiuliza habari za stesheni za zamani za huku, hujibiwa upesi kwamba hazikuwako. Jibu hilo halitoshi. Vituo vilikuwako, ila mizigo yake ilibebwa vichwani mwa wapagazi, na langoni alisimama askari mwenye bunduki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Waingereza walifungua kituo Chiengi, kaskazini-mashariki mwa ziwa. Baadaye wakahamia karibu na mlango wa mto Kalungwishi. Kutoka hapo Kampuni ya British South Africa iliamua mashauri na kuwachungulia Wabelgiji waliokuwa ng'ambo ya maji. (Kuchungulia ng'ambo, kama mjuavyo, ni kazi ambayo haijaisha.)

Jirani mkubwa wa kituo hicho alikuwa Mwata Kazembe wa 10, ambaye alikataa kutawaliwa. Mnamo Oktoba 1899 kikosi kilicholetwa kutoka Nyasaland, chini ya Robert Codrington, kiliuteketeza mji wake wa Mwansabombwe. Mwata alivuka Luapula. Wengi wa waliotekeleza amri ile hawakuwa Waingereza: walikuwamo Masingasinga na Waafrika, wenye sare na mshahara kama sisi.

Miaka michache baadaye ugonjwa wa malale ulienea, wakazi wakahamishwa kutoka ufukoni, na Kalungwishi nayo ikaachwa.

Nasikitika kwamba kijana anayepelekwa Mweru leo hufundishwa ramani, mipaka na jinsi ya kukagua mitumbwi, lakini historia hii hafundishwi. Wako wanaosema kwamba mambo ya Kampuni yafukiwe pamoja nayo. Mimi nakataa. Jiwe moja lenye mwaka na jina, Chiengi na Kalungwishi, si gharama ya kuitisha kamati, na saa moja ya somo kabla ya safari haitapunguza gwaride.

Kila Julai polisi hupangwa kulinda msongamano wa sherehe ya Mutomboko pale Mwansabombwe. Husimama juu ya ardhi ileile iliyochomwa na watu wenye sare. Wazee wanaowapita wanalijua jambo hilo; wao hawajaambiwa.