Jiwe la Chumvi na Sheria ya Siku Kumi

Nchini Marekani wapo wawindaji ambao, miezi kadhaa kabla ya msimu kufunguliwa, huweka katika mashamba yao jiwe la chumvi lililochanganywa na madini mengine, ili kulungu wenye mkia mweupe wazoee kufika hapo. (Hao si yule kulungu wa misitu ya Afrika Mashariki, madume yao huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine.) Majimbo kadhaa yamelikataza jambo hilo mwaka mzima, mengine huliruhusu nje ya msimu. Sheria ya Indiana, kwa mfano, hukataza kuwinda penye chambo, na mahali huhesabiwa kuwa bado pana chambo mpaka zipite siku 10 tangu jiwe, pamoja na udongo ulioingiwa na chumvi, kuondolewa.

Kutajwa kwa udongo kwaonyesha kuwa waliotunga sheria hawakuisahau kemia. Mvua huyeyusha chumvi ikazama ardhini, na kulungu huendelea kulichimba na kulilamba shimo hata jiwe likiisha. Sababu ni sodiamu. Majani machanga yana maji na potasiamu kwa wingi lakini sodiamu kidogo, na mwili unapotoa potasiamu iliyozidi hupoteza sodiamu pia. Haja hiyo hiyo ndiyo iwaingizayo tembo wa Mlima Elgon katika pango la Kitum, wakachokoa kuta kwa pembe zao. Wauzaji wa mawe husifu kalsiamu na fosforasi, ati hukuza pembe. Kinachomwita mnyama ni chumvi ya kawaida.

Lakini siku 10 hujibu swali moja tu, yaani kama mwindaji amemhadaa mnyama. Swali zito zaidi limeachwa. Mwaka 1967, huko Colorado, ulitambuliwa ugonjwa wa kulungu wa kukonda hadi kufa. Husababishwa na prioni, yaani protini iliyokunjika vibaya ambayo huzifanya protini nyingine za ubongo zikunjike vivyo hivyo. Hauna dawa wala chanjo. Mnyama hutoa prioni katika mate, mkojo na kinyesi muda mrefu kabla hajaonekana mgonjwa. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2018 walizikuta prioni katika udongo wa sehemu 9 kati ya 11 za kulambia madini walizozipima Wisconsin. Nayo majaribio ya Colorado yalikwisha kuonyesha kwamba kulungu wazima huweza kuambukizwa katika zizi ambamo wagonjwa walikaa zaidi ya miaka 2 kabla yao. Indiana nayo iliupata ugonjwa huo kwa kulungu wa mwitu mwaka 2024.

Wapo wasemao kwamba kulungu hukutana vilevile malishoni na majini. Ni kweli, ila malisho ni mapana, na jiwe ni moja, ambapo ndimi zote huishia pamoja. Kuliweka katika nchi iliyokwisha kuingiwa na maradhi ni kuyatengenezea kituo, hata kama hakuna kifungu kilichovunjwa. Majimbo yanayoliruhusu hayana budi kulikataza mwaka mzima. Mwindaji hatapungukiwa na mengi: nyayo zipo, vijito vipo, na mialoni huangusha matunda yake wakati ule ule msimu unapokaribia.