Afya Nyumbani: Mbiu ya Mwili

Tuanze kwa mfano wa kijijini. Katika kijiji kama Kurui, wilayani Kisarawe, mtu akivamiwa na wezi usiku hupiga mayowe. Huenda yeye mwenyewe asiokoke, lakini majirani huamka, wakakaza makomeo ya milango, na vijana wakatoka na marungu. Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.

Mwili wa mwanadamu nao una mbiu yake. Virusi vya mafua vikivamia chembe moja ya mwili, chembe hiyo hutoa kitu kiitwacho interferoni, ambacho huzifikia chembe jirani na kuzionya. Zilizoonywa hujitengenezea zana za kuzuia virusi visizaliane ndani yake, na zile chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wetu, huamshwa. Homa na maumivu ya viungo tuyapatayo siku za kwanza kwa sehemu hutokana na mbiu hiyo. Mabingwa wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann, ndio walioigundua huko London, wakaitangaza mwaka 1957.

Basi interferoni ni kitu cha kweli. Lakini je, kila dawa ibebayo jina la kitu cha kweli nayo ni ya kweli? Tujifunze kwa jirani zetu.

Mwaka 1990, UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu, ilitangazwa nchini Kenya dawa iitwayo Kemron, iliyotoka katika utafiti wa taasisi ya KEMRI. Ilikuwa ni interferoni kidogo sana, huwekwa kinywani ikayeyuka. Ilisemwa kuwa wagonjwa wamerudiwa na nguvu, na hata baadhi yao walipopimwa hawakuonekana tena na virusi. Nani awezaye kuwalaumu waliofurahi? Mama auguzaye mwanawe hushika hata unyasi.

Walakini utafiti ule wa mwanzo haukuwa na kundi la kulinganishia. Mgonjwa akimeza dawa akapata nafuu, yawezekana nafuu hiyo imeletwa na chakula, au na uuguzi mwema, au na matumaini yenyewe. Kwa hiyo majaribio mengine yalifanywa. Nchini Uganda wagonjwa waligawanywa bila kuchaguliwa: wengine walipewa interferoni ya kinywani, wengine kitu kilichofanana nayo kisicho na dawa, wala mgonjwa wala tabibu asijue nani kapewa nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba dawa ile haikuwafaa wagonjwa kitu.

Leo zipo dawa za ARV zilizopita katika mizani kama hiyo zikathibitika. Azimezaye kila siku kama alivyoagizwa huishi, akafanya kazi, akalea wanawe. Hata hivyo bado wako wapitao mitaani na chupa zao, wakisema, "Hii huongeza kinga." Enyi vijana, mkisikia hivyo waulizeni maswali mawili: dawa hii imepimwa na nani? Na imelinganishwa na nini? Asiyeweza kujibu, mwacheni aende zake. Wala mgonjwa wenu asiache dawa zake kwa neno la mpita njia. Kwani chupa tupu hugharimu fedha, lakini dawa iliyoachwa yaweza kugharimu roho.