Tone la Damu Halitaki Friji, Linataka Bajeti

Makamanda, hili ni letu. Anayetumia ARV lazima apimwe wingi wa virusi, ijulikane kama dawa inafanya kazi au imegoma. Damu ya kwenye chupa haina subira: plazma inatakiwa itenganishwe ndani ya saa 24, kisha itunzwe kwenye baridi. Sasa zahanati ya kijijini, umeme hakuna, barabara ndo hiyo, itafika saa ngapi?

Njia ipo. Unatoboa kidole, matone machache yanaingia kwenye kadi maalumu. Kichujio kinazuia chembe za damu, plazma inapita na kukauka. Kadi inasafiri kwa bahasha, hata na bodaboda, bila barafu.

Kwa hiyo kisingizio cha friji kimekufa. Imebaki pesa. Mwaka 2001, Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, tukabaki tunatazamana.

Mjamzito ambaye dawa imemgomea hawezi kusubiri wafadhili. Mtoto yuko tumboni. Muulize mbunge wako: kadi ziko wapi, na majibu yanarudi lini?