Uongo Njoo, Utamu Kolea

Akina mama wapendwa, mwezi huu mtuvumilie tuweke kando habari za lishe na chanjo. Tunataka kuzungumza juu ya televisheni, na hasa zile tamthilia za kipelelezi zinazotunyima usingizi.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kikundi chetu cha akina mama huko Temeke, Alhamisi moja jioni. Hesabu za mfuko wa kufa na kuzikana zilikuwa zimekwisha na chai imemiminwa, ndipo mama mmoja akaanza kutusimulia alichokitazama na wanawe usiku uliotangulia. Mpelelezi kapigwa kisogoni kwa kitako cha bastola, kaanguka kama gunia la mkaa, kazimia. Baada ya kitambo kaamka, kajipangusa vumbi, kapanda ngazi mbio mpaka ghorofa ya kumi na kupigana na watu watano. Mama wa pili akacheka mpaka chai ikamwagika. “Huo si uongo mtupu?” akauliza. Wa kwanza akanuna: “Sasa dada, wewe unaangalia au unakagua?”

Basi hapo ubishi ukawaka. Wengine walisema mchezo usiofanana na maisha ni kupoteza umeme bure. Wengine wakasema anayetaka maisha ya kweli na achungulie dirishani, ataona jirani anakoga foleni ya maji. Mwishowe wakatugeukia sisi: “Haya, sista, wewe wa hospitali, sema.” Tulijibu vibaya siku ile, tukasema pande zote zina haki, jibu la mtu anayetaka kuwahi daladala. Ndiyo maana tumerudi kwenu na kalamu.

Tukiri kwanza kwamba nyumbani kwetu hatupendwi mbele ya televisheni. Akionyeshwa mgonjwa, midomo yetu haitulii. “Dripu ile haikufunguliwa.” “Mgonjwa mahututi gani huyo mwenye wanja na nywele zilizosukwa leo asubuhi?” “Risasi ya begani si mchubuko, pale kuna mshipa mkubwa wa damu na neva za mkono mzima!” Watoto wetu huvumilia kidogo, kisha mmoja husema kwa adabu, “Mama, jikoni kunanukia kama kunaungua.” Hakuna kinachoungua. Tunafukuzwa tu.

Na watoto wana haki kwa sehemu. Bibi zetu walilijua jambo hili zamani, kabla televisheni za Bara hazijaanza mwaka 1994. Bibi aliposema “Hadithi, hadithi!”, sisi watoto tuliitikia, “Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!” Yatafakarini maneno hayo. Hakuna aliyedanganywa pale. Uongo tuliuita wenyewe, kwa jina lake, tukauagiza uje na utamu. Baada ya hapo sungura aliongea na fisi akamzidi akili, na hakuna mtoto aliyeuliza sungura alijifunzia wapi kusema. Lakini uongo ule ulikuwa na sheria zake. Kama jana bibi alisema sungura hajui kuogelea, na leo akamvusha mto kwa kuogelea, tulimkatisha papo hapo. Hatukumdai ukweli. Tulimdai asitufanye wajinga.

Hata leo kipimo ni kile kile. Wengi wenu mnaikumbuka tamthilia ya Marekani iitwayo 24, ya yule Jack Bauer, ambayo diski zake zilijaa mitaani kwetu, na nyumba nyingine ziliikesha mpaka alfajiri. Ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 2001 na ikaendelea hadi 2010, misimu minane. Kila msimu ni siku moja, na kila sehemu ni saa moja ya siku hiyo. Watu duniani kote walitania kwamba bwana yule hali, halali, wala haendi msalani. Tena anavuka mji wa Los Angeles kwa gari kabla ya tangazo la biashara kwisha, na mji ule unajulikana kwa foleni. Mama wa Mbagala anayeshuka daladala saa mbili usiku na mguu umekufa ganzi ana haki ya kucheka. Katika msimu wa kwanza mkewe Jack anapoteza kumbukumbu kwa mshtuko, na kumbukumbu inamrudia kabla siku ile ile haijaisha, mradi hadithi iendelee. Hapo hata sisi tulimkatisha bibi.

Kuna na ile Prison Break, iliyoanza mwaka 2005. Kijana Michael Scofield anajifanya ana kisukari ili apate kuingia kila siku katika zahanati ya gereza. Tulipoiona mara ya kwanza tulisimama na mwiko mkononi. Mtu asiye na kisukari akidungwa insulini, sukari ya damu hushuka, hutoka jasho, hutetemeka, akili humpotea, na asipopewa sukari upesi anaweza kufa. Tulikuwa tumeshafungua kinywa, ndipo ikaonekana kijana ana vidonge anavyovipata kwa siri ili kuizuia insulini isimshushe sukari. Mwiko tukaushusha. Mtunzi alijua kuna mama nesi mahali fulani atauliza, akamwekea jibu. Huyo tunamheshimu, hata kama ukuta wa gereza alioutoboa hautoboki vile.

Basi, uongo wa namna hiyo haututishi. Hakuna kijana wa Tandika atakayejichora ramani ya gereza mgongoni kwa sababu ya tamthilia. Tunaouogopa ni uongo mdogo usiotangazwa, ambao mtazamaji haoni kuwa ni uongo, akaenda nao mpaka kitandani.

Miaka michache iliyopita tulikuwa zamu ya usiku. Alfajiri aliletwa kijana wa bodaboda, baba wa mtoto mmoja. Jioni ya jana yake alikuwa ameanguka na pikipiki, kofia ngumu ikiwa imening'inia kwenye usukani. Alizimia, kama dakika tano hivi kwa maelezo ya wenzake. Kisha akaamka, akauliza simu yake iko wapi. Vijana walishangilia. Mmoja akamwita Rambo. Wakampakia kwenye bajaji, wakampeleka nyumbani badala ya hospitali, wala hawakuwa na nia mbaya. Mkewe alimpikia uji. Akasema kichwa kinamgonga, akatapika mara mbili, mkewe akadhani ni uji. Akalala na kukoroma kuliko kawaida yake, mkewe akashukuru kwamba amepata usingizi mzito. Saa kumi na moja alipomtikisa, hakuamka.

Alipofika kwetu mboni ya jicho moja ilikuwa pana kuliko ya pili. Wauguzi mnaosoma mnajua maana yake. Alifariki kabla hajafika panapofanyika upasuaji wa ubongo. Mkewe alikaa kwenye benchi la nje, khanga mdomoni, akaturudia swali moja zaidi ya mara kumi: “Sista, lakini aliamka. Si aliamka?”

Hatusemi televisheni ilimwua. Ilimwua ajali, na usiku, na kofia iliyokuwa kwenye usukani. Lakini tangu siku ile tunajiuliza: vijana wote waliokuwa barabarani, mwenye bajaji, mke, majirani waliokuja kutoa pole, nani aliwafundisha kwamba aliyezimia akiamka amepona? Shuleni hawakufundishwa hivyo. Mama zao hawakuwaambia hivyo. Lakini tangu zama za vibanda vya video wamemwona shujaa akipigwa kichwani, analala, anaamka, anakimbia. Mara mia, mara elfu. Hakuna aliyewaitikisha “uongo njoo”.

Akina mama, lishikeni hili. Mtu akigongwa kichwa akazimia, hata kwa dakika chache, ubongo wake umeumia, na apelekwe hospitali hata kama ameamka na anacheka. Kuna damu inayoweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo. Mtu huamka, huzungumza vizuri kwa saa kadhaa, na huku damu inajikusanya na kuubana ubongo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika tena na tena, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, degedege, mkono au mguu mmoja kulegea, maji au damu kutoka puani au masikioni: lolote kati ya hayo, msingoje asubuhi. Hapa Dar es Salaam upasuaji wa ubongo hufanyika pale MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na mgonjwa aliyewahi ana nafasi ambayo aliyechelewa hana.

Jambo la pili ni moyo. Mnaijua picha yenyewe: mstari kwenye mashine umenyooka, mashine inalia mlio mmoja mrefu, daktari anapaza sauti, mgonjwa anashtuliwa kwa umeme, anaruka, anafumbua macho na kumtaja mchumba wake. Ukweli ni kwamba mashine ile haiamshi moyo uliosimama kabisa. Kazi yake ni kwa moyo unaotetemeka ovyo, kuusimamisha ule mtetemeko ili upate kurudi kwenye mapigo yake. Mstari ukinyooka, tunabaki na mikono kukandamiza kifua, dawa, na kutafuta chanzo. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti katika jarida la New England Journal of Medicine. Walikuwa wamekaa wakatazama vipindi vitatu vya televisheni, ER, Chicago Hope na Rescue 911, na kuwahesabu waliozinduliwa mioyo. Karibu wagonjwa 67 kati ya kila 100 walionekana kupona na kwenda nyumbani. Katika hospitali za kweli, hata zenye kila kifaa, wengi wao hawaendi nyumbani. Sisi ndio tunaokutana na matokeo ya hesabu ile ukumbini, pale mtoto wa marehemu anapotushika gauni na kuuliza, “Mbona hamkumshtua?” Anadhani tumemnyima baba yake kitu.

La tatu tulisite kuliandika, lakini mama mwenye nyumba ametupa ruhusa. Jirani mmoja wa Kinondoni alipotelewa na shilingi 80,000 za ada. Shemeji zake wawili walimfungia chumbani binti wa kazi, wakamchapa kwa mkanda aseme. Alisema. Hazikupita dakika kumi, kama kwenye tamthilia. Alisema amezifukia chini ya mwarobaini, wakachimba, hakuna. Akasema amempa kijana wa duka, wakaenda kumtisha kijana, hana habari. Kila walipopiga alikuwa na jibu jipya. Tuliitwa usiku kumsafisha majeraha ya mgongo. Siku ya nne fedha zilionekana ndani ya kitabu cha nyimbo, mahali mama mwenyewe alipoziweka zisionekane. Binti alirudi kwao kwa basi la Jumatatu.

Katika 24 shujaa huwatesa watu, nao husema kweli upesi, na bomu huzuiwa. Novemba 2006 Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa taaluma wa chuo cha kijeshi cha West Point huko Marekani, alisafiri hadi California kuwaona watengenezaji wa tamthilia hiyo, pamoja na watu wenye uzoefu wa kuhoji wafungwa. Aliwaomba wapunguze. Wanafunzi wake, maafisa wa jeshi wa kesho, walikuwa wakiona kwamba mateso ni njia inayofaa, na mwalimu hawezi kushindana na Jack Bauer. Wale wahojaji wakaeleza lile ambalo binti wa Kinondoni angeweza kuwaeleza: anayepigwa husema chochote cha kuzuia pigo linalofuata. Tazameni basi, jenerali mzima anapanda ndege kwenda kuwabishia watunzi wa hadithi, halafu sisi tunaambiwa tunakagua.

Wazee wetu walikuwa na bahati moja. Hata kwenye vibanda vya video alikuwapo mtafsiri, kama yule Lufufu, Derek Mukandala, aliyetupa sinema za kigeni kwa Kiswahili. Sauti yake ilipanda juu ya sauti ya sinema, ikaeleza na kuchekesha. Ukiisikia ulijua kwamba mtu anakusimulia, kama bibi. Siku hizi mtoto analala na simu chini ya shuka na visikilizio masikioni, peke yake, na anayemsimulia haonekani.

Nyumbani kwetu tumefanya mapatano. Sisi tunafunga mdomo mpaka sehemu imalizike, kisha nao wanakaa dakika chache tuzungumze kipi kilikuwa chumvi na kipi si chumvi. Kufunga mdomo kumetushinda mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Wiki iliyopita mtu alipigwa kichwani kwa chupa, akaanguka, akaamka, akaanza kuwafukuza wezi wa mkoba. Tulijiuma ulimi. Kijana wetu wa miaka 14 ndiye aliyesema, “Huyu si alitakiwa hospitali kwanza?” Dada yake akamrushia mto: “Na wewe umeanza kukagua!”

Tukawaambia wote wawili wanyamaze. Tulitaka kujua mkoba umekwenda wapi.