Githeri Si Chakula cha Fedheha

Limezuka miongoni mwa vijana wetu neno baya, nalo ni kwamba githeri ni chakula cha mnyonge, bali viazi vya kukaanga, mkate mweupe na soda ni chakula cha mstaarabu. Hapa Gakindu, penye njahi, nduma na viazi vitamu, neno hilo husemwa kwa kicheko. Madhara yake si ya kuchekwa, na mimi nalipinga.

Ndani ya utumbo wa kila mtu huishi vijidudu wasiohesabika. Wengi wao si adui, bali ni watumishi. Chakula chao ni nyuzi za maharagwe, za ganda la punje ya mahindi na za mboga, ambazo mwili wetu hauwezi kuziyeyusha. Vijidudu huzichachusha, na katika kazi hiyo hutoa asidi zinazoulisha ukuta wa utumbo na kuutia nguvu. Sukari na unga mweupe karibu vyote huishia njiani, katika utumbo mwembamba. Mtumishi aliye katika utumbo mpana hubaki na njaa. Katika panya imeonekana kwamba vijidudu walionyimwa nyuzi hugeuka wakaula ute unaoukinga utumbo wenyewe.

Msiseme kwamba haya ni masimulizi ya wazee. Mwaka 2025 wataalamu wa Tanzania na Uholanzi walitangaza jaribio lililofanywa kwa wanaume 77 wa Kilimanjaro. Watu wa shamba walipolishwa chakula cha kizungu kwa wiki mbili tu, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe wa ndani, na chembe zinazoulinda mwili zikalegea. Watu wa mjini waliorudishiwa chakula cha asili walipata kinyume chake.

Wapo wasemao kwamba githeri hujaza tumbo hewa. Ni kweli, lakini hewa hiyo ni moshi wa jiko linalofanya kazi. Aloweke maharagwe usiku kucha, amwage maji yake, na azoee kidogo kidogo, atapata nafuu.

Wengine watasema kwamba maendeleo hayarudi nyuma. Hakuna anayewakataza viazi vya kukaanga siku ya sikukuu. Lakini ni maendeleo gani yamfanyayo mtoto wa mkulima ayaonee haya mazao ya shamba la mamaye, kisha anunue ugonjwa kwa fedha?

Wala lawama si ya vijana peke yao. Githeri kavu, isiyo na mboga wala kitunguu, inayotolewa siku baada ya siku, humfundisha mwanafunzi kuichukia. Wenye kusimamia majiko ya shule na watie sukuma wiki, karoti na viazi; na wanafunzi nao waache dhihaka. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala huu unapita, na utumbo ndio utakaolipa.