Kandida wa tatu: hashindi, lakini njo anaamua

Kila uchaguzi, ku mine na mu kamp ya batumishi batu banasema: « Ule hawezi kushinda, anaharibu tu sauti. » Kweli, hashindi. Lakini sauti zake zinaenda wapi?

Tukumbuke 2006. Katiba iliomba prezida apate zaidi ya nusu ya sauti. Joseph Kabila alipata karibu 45 kwa mia, Jean-Pierre Bemba 20, muzee Antoine Gizenga 13. Hakuna aliyefika nusu, tukarudia duru ya pili. Gizenga akaunga mukono Kabila, Kabila akashinda na 58 kwa mia, na Gizenga akakuwa Minisitiri wa kwanza. Masikilizano ilifanyika mbele ya kuchagula: kila mutu alijua anachagula nini.

Mu Januari 2011 Katiba ilibadirishwa: duru moja tu, mwenye sauti mingi anashinda. Ni kama ekipe ya batu 10 inachagula shefu: 4 banamutaka huyu, 3 yule, 3 mwingine. Wa 4 anashinda, 6 bananungunika.

Njo ile tuliona mu 2018. CENI ilitangaza Félix Tshisekedi 38,57 kwa mia, Martin Fayulu 34,83, Emmanuel Ramazani Shadary 23,84. Fayulu alikatala ile hesabu, na baaskofu Bakatolika pia walisema haifanane na yenye baangalizi babo waliona. Korti ya Katiba ikamukatalia Fayulu. Lakini tushike paka hesabu ya CENI: kati ya wa kwanza na wa pili, sauti karibu 684.000. Shadary alikuwa na zaidi ya milioni 4. Na sheria ya 2006, bale milioni 4 njo bangeamua.

Je, masikilizano ilikosekana? Hapana, ilikuja kisha. FCC, kambi ya Kabila na Shadary, ilikuwa na badepite bengi. Mu 2019 Sylvestre Ilunga, wa FCC, akakuwa Minisitiri wa kwanza, na viti vikagawanywa, hata kile cha Mine chenye kugusa kazi yetu. Raia alikuwa amekwisha kuchagula, hakuulizwa tena.

Tangu hotuba ya Kisangani, mwezi wa kumi 2024, kila mutu anasema juu ya kubadirisha Katiba, na bengi banaangalia paka manda. Siye tuulize pia duru ya pili. Iko na bei, ndiyo. Lakini bila yeye, wa tatu anauzisha sauti zetu kisha, mulango umefungwa.